Sheva, trima au klipa? Jinsi ya kuchagua mashine ya ndevu ukiwa Mtwara au Lindi

Minada ya korosho ikianza na hela ikishaingia kwenye akaunti, swali ninaloulizwa sana hapa saluni ni hili, kaka nataka ninunue mashine yangu ya ndevu nikae nayo nyumbani, nichukue ipi? Na mara nyingi anayeuliza ana picha tayari kwenye simu, ameona tangazo la mzungu anapitisha sheva shavuni mara moja na shavu linabaki linang'aa, na yeye anataka iwe hivyo hivyo. Mimi kabla sijaitazama hiyo picha namwambia inua kidevu nione koo lako. Hapo ndo pa kuanzia wakuu, sio bei wala brandi wala idadi ya vichwa, kwa sababu mashine inayomfaa mtu mwenye nywele zilizonyooka inaweza ikamharibu kabisa mtu mwenye kipilipili, na sisi wa huku Kusini, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, wengi wetu ni kipilipili tupu. Naumia sana nikiona kijana mdogo shingo yote imejaa vinundu vyeusi na bado kila asubuhi anapitisha kitu kikali palepale, kwahiyo nimeona niandike hatua kwa hatua jinsi ya kuchagua.

Hatua ya 1: Soma ndevu zako na ngozi yako

Kaa siku nne au tano bila kunyoa, alafu simama kwenye kioo mchana kwenye mwanga mzuri. Angalia nywele zinaota kuelekea wapi. Mashavuni kwa kawaida zinashuka chini, lakini shingoni ndo kuna fujo, upande mmoja zinapanda juu, mwingine zinalala kwenda pembeni, na chini ya taya kuna sehemu zinazunguka. Pitisha kiganja pande zote, ule upande unaokwaruza ndo unaenda kinyume na nywele. Hii utakuja kuihitaji sana wakati wa kunyoa.

Kingine cha kuangalia ni vipele. Ngoja nieleze vinatokeaje maana watu wengi wanadhani ni uchafu au ni sabuni mbaya au mashine ya kinyozi fulani ina mkosi. Nywele ya kipilipili imejikunja tangu ndani ya ngozi. Ukiikata fupi sana, hasa ukivuta ngozi alafu ukanyoa kinyume, ile ncha inazama chini ya usawa wa ngozi na inakua imekatwa ki-upande, imechongoka. Inapoanza kuota tena haitoki wima, inajikunja na kutoboa ngozi kwa ndani, au inatoka kidogo alafu inarudi kuingia pembeni. Mwili ukiiona unaichukulia kama mwiba, unavimba, unaweka usaha, na baadae panabaki weusi. Kwahiyo chanzo cha vipele ni kunyoa karibu mno. Mtu akishaelewa hilo tu, nusu ya kazi ya kuchagua mashine imeisha, maana matangazo yote ya sheva yanashindana nani ananyoa karibu zaidi, na kwa shingo ya kipilipili yenye vipele hicho ndo kitu usichokitaka.

Jiweke kwenye kundi lako basi. Kama una kipilipili na vipele vinakutoka, unahitaji mashine inayoacha nywele kidogo juu ya ngozi, kama milimita moja hivi. Kama una kipilipili lakini ngozi yako haina shida (wapo, na wamshukuru Mungu), una uhuru zaidi. Na kama nywele zako ni laini zilizonyooka, kama ndugu zetu wengi wa Kilwa, Mikindani na Lindi mjini wenye asili ya Kiarabu au Kihindi, sheva za kunyoa karibu zimetengenezwa kwa ajili ya nywele kama zako.

Kama saivi vipele vimewaka, vina usaha na vinauma, usinunue chochote kwanza. Acha kunyoa kama wiki nne ngozi itulie, na vikizidi nenda hospitali, Ligula kwa wa Mtwara, Sokoine kwa wa Lindi, au kituo cha afya kilicho karibu. Hivyohivyo kwa vile vinundu vigumu vya kisogoni vinavyokua vikubwa kama makovu, vile mashine ya nyumbani haiviponyi na kukwangua kisogo kila wiki kunavizidisha.

Hatua ya 2: Zijue aina zenyewe

Dukani zote zinaitwa mashine, na muuzaji atakuuzia iliyopo. Lakini ni vitu tofauti kabisa.

Klipa ni ile kubwa ya saluni. Ina safu mbili za meno, ya chini imetulia na ya juu inakimbia kulia na kushoto, na inakuja na vitana vya namba, namba moja inaacha milimita 3, namba mbili inaacha 6, na ile nusu inaacha moja na nusu. Kazi yake ni kichwa. Ndevu nyingi inaweza kupunguza, ila kwenye mdomo na kona za sharubu ni kubwa mno. Nyingi za waya zina mota ya sumaku, haina gia wala nini, sumaku inavutwa na kuachiwa kufuata umeme wenyewe unavyopiga. Umeme wetu ni wa volti 230 na mapigo 50 kwa sekunde kwahiyo meno yanakimbia kama mara 6000 kwa dakika. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu wanaletewa klipa na ndugu kutoka Marekani, kule umeme ni volti 120 na mapigo 60, ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya huku inaungua saa hiyohiyo. Hata ukitafuta transfoma ya kushusha volti bado mapigo yanabaki 50, itakua nzito na kelele hadi uirekebishe ile skrubu ya pembeni. Soma maandishi chini ya mashine, ukiona 100-240V chomeka bila wasiwasi, ukiona 120V peke yake achana nayo.

Trima ni mdogo wake klipa, nyembamba, ya betri, na zinazotamba saivi ni zile za meno yenye umbo la T, pamoja na ile ya mwili wa chuma yenye picha ya joka ambayo imejaa kila duka la vifaa vya simu kuanzia soko kuu Mtwara mpaka Masasi. Trima inakata karibu lakini haizami, inaacha kivuli cha nywele. Ukipitisha mkono shavu halitelezi kabisa, unasikia mchanga kidogo. Huo mchanga ndo kinga yako. Kwa mtu wa kundi la kwanza hapo juu, mimi jibu langu ni trima, sina kigugumizi, na ni ya bei rahisi kuliko sheva yoyote ya maana.

Sheva ya wavu. Hii ina bati jembamba sana lenye matundu madogo madogo, chini yake kuna kisu kinachotetemeka kwenda na kurudi. Nywele inaingia tunduni, kisu kinaikata, ngozi yako haigusani na kisu. Inapitishwa kwa mstari ulionyooka. Inanyoa karibu kweli, na ni nzuri kwa mtu wa ndevu laini anayenyoa kila siku au kila baada ya siku moja, na kwa kumalizia kipara. Udhaifu wake ni kwamba nywele ndefu haiingii tunduni, na nywele iliyolala imejikunja nayo inakwepa, unajikuta unarudia palepale mara tano mpaka ngozi inawaka. Na lile bati ni laini mno, mtoto akilibonyeza na kidole limekwisha.

Sheva ya vichwa vya kuzunguka ndo ile ya vichwa vitatu vya duara, Philips waliianza mwaka 1939 ikiwa na kichwa kimoja tu. Visu vinazunguka chini ya kifuniko chenye nyufa na matundu, na vichwa vinacheza kufuata umbo la uso. Unaipitisha kwa kuzungusha. Inakamata vizuri zaidi nywele zinazoota kila upande, kwahiyo shingoni kwa mwenye nywele laini inaipita ya wavu, na haitetemeki sana, haina kelele. Zile za vichwa vitano au zaidi zinazoshikwa kiganjani ni za kipara. Lakini kwa kipilipili chenye vipele, kule kuzunguka kunanyoa pande zote ikiwemo kinyume, na ukikandamiza ngozi inaingia nyufani. Mwenye vipele asijaribu.

Alafu kuna ya katikati, trima yenye kisu kidogo bapa kama wembe lakini meno yake yanatetemeka, Philips walitoa yao inaitwa OneBlade mwaka 2016, na sasa zipo za kuiga nyingi. Inakata mara 200 kwa sekunde na haizami chini ya ngozi, ndo maana wenye vipele wengi inawapendeza. Tatizo ni moja, kisu kinatakiwa kubadilishwa, wenyewe wanasema kinafika mpaka miezi minne, na hapo inabidi uulize kisu kipya utakitoa wapi. Nitarudi kwenye hilo.

Za kina dada, zile ndogo za miguu na kwapa, ndani ni wavu au meno ya trima yaleyale, rangi tu ndo imebadilika na nguvu imepungua. Dada akinunua trima ya kawaida hajakosea kitu.

Hatua ya 3: Kazi yenyewe ni ipi

Kama ni ndevu tu, umeshaona. Kama unanyoa kipara mwenyewe nyumbani unahitaji vitu viwili, trima au klipa ya kushusha, alafu sheva ya wavu au ya vichwa vitano ya kumalizia kama kisogo chako hakina vinundu. Ukitaka sheva peke yake ifanye kazi yote kwenye nywele za wiki mbili, itavuta nywele, itapata moto na betri itakufa mapema.

Kama unatafuta mashine ya nyumba nzima, watoto wanne wa kiume na baba yao, nunua klipa ya waya yenye vitana vya namba. Usimnyoe mtoto kwa trima ya T bila kitana, ngozi ya kichwa cha mtoto ni laini na yale meno yakisogezwa karibu sana yanakwaruza.

Mzee anayefuga ndevu na kupunguza sharubu tu, trima yenye kitana cha kurekebisha inamtosha, asiuziwe kingine.

Na kuna jambo watu wanaona aibu kuliuliza, nywele za kwapa na za chini. Wengi wetu huku ni Waislamu na tunafahamu zisizidi siku 40, wengine wanatumia wembe mpaka wanajikata. Trima yenye kitana kifupi ni salama kuliko wembe na kuliko sheva yoyote kwenye ngozi iliyolegea. Ila iwe ya kwake peke yake. Usitumie moja chini na usoni, vijidudu na fangasi vinahama. Kama hela haitoshi mbili, nunua yenye kichwa cha kuchomoa ununue na kichwa cha ziada.

Mwenye kisukari nae afikirie mashine badala ya wembe bila kujali aina ya ndevu, kidonda kidogo cha wembe kwake ni safari ndefu.

Hatua ya 4: Unakaa wapi, umeme na maji vikoje

Mtu wa Shangani mjini Mtwara na mtu wa kijijini Liwale hawahitaji mashine moja. Tuna gesi Mnazi Bay na Songo Songo lakini nyumbani umeme ukikatika umekatika tu, na klipa ya waya bila umeme inakua jiwe. Umeme ukiwa mdogo jioni, ile ya sumaku inapoteza nguvu na kuanza kung'ata nywele, ukiona hivyo zima, usilazimishe. Kwa wa sola, klipa ya sumaku ikitumia inveta za bei rahisi inaunguruma vibaya na kupata moto. Wewe chukua trima ya kuchaji kwa USB, volti 5, ambayo unaichomeka kwenye kituo chako cha sola au pawabenki kama simu.

Kuhusu betri uliza ni lithiamu au ni zile za zamani za nikeli. Lithiamu inakaa na chaji mwezi mzima droani na haisumbui ukiichaji ikiwa nusu. Za nikeli zinaishiwa zenyewe zikikaa. Na usiamini sana namba za uwezo wa betri zilizoandikwa kwenye boksi, uliza dakika ngapi inafanya kazi na uhakikishe mwenyewe. Kama utaweza pata ile inayofanya kazi hata ikiwa imechomekwa, siku betri ikichoka bado unanyoa. Wanaoogopa LUKU wasiogope, chaja ya wati 5 ikichaji masaa mawili inakula asilimia moja ya uniti, uniti moja unachaji mara mia.

Maji nayo. Sheva nyingi za bei ya juu zinauzwa kwa sifa ya kunyoa na povu na kuoshwa bombani. Andiko la IPX7 maana yake inavumilia kuzama mita moja ya maji kwa nusu saa, na bila andiko la aina hiyo usiiweke chini ya bomba hata muuzaji akiapa. Lakini ndugu yangu wa Newala au Tandahimba kule juu uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ni ya kuhesabu, sifa ya kuoshea bombani ya nini? Chukua inayosafishwa kwa brashi, pesa iliyobaki weka kwenye bledi ya akiba.

Hatua ya 5: Uliza spea kabla ya kuuliza bei

Hapa ndo watu wa mikoani tunapoumizwa. Sheva sio kitu cha kununua mara moja. Wavu na kisu chake Braun wanashauri kubadilisha kila baada ya miezi 18, vichwa vya kuzunguka Philips wanasema miaka miwili, na hiyo ni kwa matumizi ya kawaida ya ndevu laini. Kipilipili kigumu kinamaliza kisu mapema. Sasa zunguka maduka ya Mtwara mjini, Lindi, Masasi, Nachingwea, uliza wavu wa sheva yako kwa namba ya modeli. Ukikosa itabidi uagize Kariakoo, ije na basi mamia ya kilomita, na ukitumiwa modeli isiyo yenyewe umerudi sifuri. Bei ya wavu halisi wakati mwingine inakaribia nusu ya bei ya sheva nzima.

Kwahiyo sheria yangu, kama spea haipatikani mkoani na muuzaji wa Dar hakuhakikishii, aidha nunua mashine pamoja na spea yake siku hiyohiyo, au chagua aina nyingine. Bledi za T za trima na za klipa kubwa zinapatikana, vinyozi wenyewe wananunua, waulize wanatoa wapi. Hii nayo ni sababu nyingine kwanini naipendelea trima kwa watu wa huku.

Hatua ya 6: Ukiwa dukani, ijaribu

Usibebe boksi lililofungwa. Fungua, washa, sikiliza. Mlio uwe mmoja usiopanda na kushuka. Iache iwake dakika tano mkiwa mnapiga stori, alafu gusa meno au wavu na mgongo wa mkono, vuguvugu sawa, ikiunguza rudisha.

Trima na klipa, tazama meno kwa karibu. Safu inayotembea lazima iwe nyuma kidogo ya ile iliyotulia na zilingane pande zote. Ikiwa imesogea mbele au imekaa upande itakukata, na usikubali kuambiwa utarekebisha nyumbani kama hujui. Sheva ya wavu, washa tochi ya simu nyuma ya bati uangalie, matundu yawe sawasawa, pasiwe na mpasuko wala kubonyea. Ya kuzunguka, bonyeza kila kichwa, kirudi chenyewe. Pitisha mashine kwenye vinyweleo vya mkono wako, ikivuta hata kimoja haifai kwa uso.

Angalia plagi, nyingi zinakuja na pini mbili za duara na soketi zetu ni za pini tatu za bapa, dai adapta nzuri inayobana. Dai risiti na muda wa waranti uandikwe kwenye risiti hiyo, tarehe na muhuri, maneno ya mdomoni hayarudishi hela. Na kama boksi lina jina kubwa la nje lakini bei ni ya trima ya joka, maandishi yamekosewa herufi na hakuna namba ya modeli kwenye mashine yenyewe, hiyo ni feki, iache hapohapo.

Bei? Trima ya kawaida ya kuanzia ni hela ambayo fundi au dereva wa bodaboda anaweza kujipanga akaipata ndani ya mwezi, sheva ya jina halisi ni mara nyingi ya hapo. Kati ya trima mpya nzuri na sheva feki ya bei ileile, chukua trima.

Hatua ya 7: Siku za mwanzo

Joto la pwani yetu na unyevunyevu vina kazi yake. Ngozi yenye jasho inanata, wavu unakwama na unaburuza, kwahiyo sheva kavu itumie asubuhi mapema kabla hujaoga na kabla jua halijawa kali. Kama umeshatoka jasho nawa, kausha kabisa, paka poda kidogo ya mtoto, subiri dakika chache. Poda inakausha na inazisimamisha nywele.

Trima kwa mwenye vipele iko hivi. Ndevu kavu, usivute ngozi, fuata nywele zinakoelekea kama ulivyosoma siku ile kwenye kioo, pitisha mara moja au mbili basi. Mara ya kwanza weka kitana kifupi, ukiona wiki mbili vipele havijatoka ndo utoe kitana. Usisogeze meno mbele yakalingana ili inyoe karibu zaidi kama wanavyofanya wataalamu kwenye kuchonga kona, kwenye shingo yako unarudisha ugonjwa uleule. Ukiona nywele imejikunja imerudi ndani, iinue taratibu kwa ncha ya sindano iliyopitishwa kwenye spiriti, usiing'oe, ukiing'oa ikiota inaingia ndani tena.

Sheva ya wavu mikono miwili, mmoja unanyoosha ngozi kidogo mwingine unapitisha mstari ulionyooka polepole. Ya kuzunguka, miduara midogo, mkono mwepesi. Ndevu zikizidi siku tatu zishushe kwanza na trima. Na mtu aliyezoea wembe akihamia sheva ngozi inahitaji kama wiki tatu kuzoea, wengi wanakata tamaa siku ya pili wakasema mashine mbovu. Wasubiri, ila wakiona vipele vyenye usaha waache.

Baada ya kunyoa nawa maji ya baridi. Spiriti usoni kwenye ngozi iliyowaka naipinga kabisa, inachoma bila faida, mafuta mepesi yasiyo na manukato makali yanatosha.

Hatua ya 8: Chumvi, mafuta na kuazimana

Chuma kikikaa karibu na bahari kinaliwa. Mtu wa Mikindani au wa ufukweni Lindi akiacha mashine kwenye dirisha la bafuni, baada ya muda meno yana kutu, na meno yenye kutu yanavuta nywele. Piga brashi kila ukimaliza, ifute, iweke kwenye kopo lenye mfuniko chumbani, sio bafuni. Ukiweza weka na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Mafuta, matone mawili au matatu kwenye meno ya klipa au trima, iwashe sekunde kumi yaenee, futa yaliyozidi. Tumia mafuta yaliyokuja na mashine au mafuta ya cherehani. Huku nazi ni nyingi na watu wanashawishika kutumia mafuta ya nazi au ya kupikia, usifanye, yanaganda, yanashika vumbi na nywele, mota inaanza kuvuta mzigo mpaka inachoka. Kwenye sheva ya kuoshwa fuata karatasi yake, baadhi wanataka tone moja la mafuta baada ya kuosha na sabuni.

Kuazimana sikushauri hata kwa ndugu wa damu. Mapunye yanahama kwa mashine, na virusi vya homa ya ini aina ya B vinaishi nje ya mwili angalau siku saba, damu kidogo usiyoiona kwenye meno inatosha. Kama kwenu mnatumia klipa moja, kati ya mtu na mtu toa nywele zote kwa brashi kwanza maana dawa haipiti kwenye uchafu, lowesha meno na spiriti ya asilimia 70, acha ikauke yenyewe, alafu rudisha mafuta kwa sababu spiriti imeyaondoa. Zima na chomoa kwenye umeme kabla hujamwaga spiriti, inawaka moto. Jiki usiitumie, inakula chuma. Mwenye mapunye au kidonda anyolewe wa mwisho, na sheva ya wavu au ya vichwa iwe ya mtu mmoja tu siku zote, mle ndani huwezi kusafisha ukafika.

Betri ya lithiamu ikianza kuvimba, mwili wa trima ukafunguka kidogo kwenye kiungio, usiichaji tena na usiichome na takataka, itoe ndani ya nyumba uipeleke kwa fundi simu anayeaminika abadilishe betri. Trima nyingi zinafunguka kwa skrubu mbili na betri ni za kawaida, sio lazima ununue mashine nyingine.